Ng'ombe Tuliomficha Baba

Kuna watu wanadhani maziwa ni maziwa tu. Wakiyataka wanakwenda dukani, wanachukua pakiti, wanamimina kwenye chai na kuendelea na maisha yao. Sina ugomvi nao. Lakini mimi nimezaliwa katika boma la wafugaji nje kidogo ya Mhunze, na baba yangu ni mtu ambaye ukimpa kikombe cha maziwa anaweza kukuambia ng'ombe aliyekamuliwa amekula nini tangu juzi. Nayasema haya kwa kujivuna, wala sitaomba radhi. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya mwaka ambao mimi, mwanawe wa kwanza, fundi cherehani mwenye akili zangu timamu, nilidhani naweza kumdanganya mtu huyo kwa kibuyu cha maziwa.

Mvua za mwaka ule zilikuja zikachungulia, zikaondoka. Lambo letu likabaki tope, kisha tope nalo likapasuka. Kwetu kila mfugaji mwenye kujiheshimu ana ngitili, yaani kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili mifugo ije kula kiangazi. Ngitili ya baba ilikuwa ikisifiwa, na watu wa vijiji vingine walipita kuitazama. Mwaka ule ililiwa ikaisha mapema, kukabaki ardhi nyeupe na visiki. Wa kwanza kufa walikuwa maksai wake wawili wa kulimia, waliokwisha kulizoea jembe kiasi kwamba hawakuhitaji kiboko. Walikufa wakifuatana. Baba aliwachuna mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake. Alipotaka kusimama, mkono wa kushoto ukakataa na mdomo ukaenda upande.

Hospitalini mjini Shinyanga walisema ni kiharusi, bahati nzuri chepesi, na kwamba presha yake ilikuwa juu sana. Mimi nilibisha. Kwa akili yangu ya wakati ule, presha ilikuwa ugonjwa wa watu wanene wanaopenda chumvi. Baba ni mwembamba kama fimbo yake, na chumvi yote aliyowahi kununua aliwapa ng'ombe. Daktari hakunicheka. Alinieleza kwamba huenda presha ilikuwepo siku nyingi bila sisi kujua, na kwamba mtu akipatwa na hofu au huzuni kubwa mwili wake hujiandaa kana kwamba kuna simba mlangoni: moyo unakwenda mbio, mishipa inabana, usingizi unaruka. Simba akiondoka, mwili unatulia. Lakini simba wa baba yangu, yaani kiangazi, alikuwa hajaondoka, na bado kulikuwa na ng'ombe wengine bomani.

"Kwa hiyo ameze dawa kila siku bila kuruka, apumzike," daktari akasema, "na asipate mawazo."

Maneno hayo ya mwisho tuliyabeba kama amri ya serikali. Baba na mama wakaja kukaa kwangu Ibadakuli, kando ya mji huohuo wa Shinyanga, wawe karibu na kliniki. Mume wangu kazi yake ni ya safari, kwa hiyo nyumba ilikuwa na nafasi, na cherehani yangu niko nayo barazani, hivyo niliweza kumwangalia mgonjwa huku nashona. Mdogo wangu, ambaye alikuwa akichimba dhahabu Segese, aliacha shimo lake na wenzake akarudi Mhunze kuchunga.

Haikupita wiki akanipigia. Jike jeusi lenye pembe zilizopinda lilikuwa limelala usiku na halikuamka. Mimi na mama tukajifungia jikoni tukakubaliana palepale kwamba baba asiambiwe. Mdogo wangu hakupenda.

"Dada, hata kule machimboni, duara, yaani shimo la kuchimbia, likititia na kufukia watu, hatumwambii mke wa mtu kwamba mume wake amekwenda kununua sigara," alisema.

"Acha maneno yako ya machimboni," nikamjibu. "Presha si mchezo. Unataka kumuua baba?"

Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akisema hivyo mdogo hutii. Tangu siku hiyo akawa ananipigia mimi tu, nami nikawa nakwenda kuongelea nyuma ya choo kama msichana mwenye mchumba wa siri.

Kila asubuhi baba aliuliza swali moja. "Nyumbani hawajambo?" Mtu wa kwetu akiuliza hivyo hajauliza watu peke yake. Tulijibu kwamba hawajambo, wote, wanakula, wanakunywa. Mama yangu ni Mkatoliki wa kweli, anadanganya kwa shida sana. Alikuwa akimjibu mumewe asubuhi, kisha anatoka nje na rozari yake kutubu kabla uji haujapoa. Huko nyumbani ng'ombe waliendelea kufa mmoja baada ya mwingine.

Kisha baba akaomba maziwa ya nyumbani. Zamani, mvua zikiwa nzuri, kibuyu cha maziwa mgando kilikuwa kikinifikia mjini kwa basi mara kwa mara, na yeye ndiye aliyekuwa akikituma. Sasa akasema kwa ule mdomo wake uliokuwa bado mzito kwamba labda akiyanywa maziwa ya ng'ombe wake atapata nguvu. Ningemwambia nini? Mdogo wangu alikuwa ameniambia kwamba hakuna hata jike moja linalokamulika.

Nina jirani anayefuga ng'ombe wa kisasa, wale wanaolala kwenye banda la sementi na kula mashudu ya pamba. Nikanunua maziwa yake, nikayamimina kwenye kibuyu chetu kilekile cha siku zote, nikayaacha yagande. Mama akakifunga kamba kama wanavyofunga kwetu. Halafu, na hapa naomba msinicheke sana, nikakipaka vumbi kidogo pembeni, nikatoka nacho kwa mlango wa nyuma, nikazunguka mtaa mzima, nikaingia kwa mlango wa mbele nikihema kama mtu aliyetoka kupokea mzigo stendi.

Baba alikipokea kwa mikono miwili, ule mzima ukiubeba ule mgonjwa. Akanywa. Akatulia kidogo, akanywa tena, akafuta mdomo.

"Wabeja, mayu," akasema. Asante, mama. Ndivyo anavyoniita tangu utotoni.

Nilirudi jikoni nikitaka kupiga vigelegele. Nilijiona mjanja kuliko wanawake wote wa mkoa wa Shinyanga. Nikawa namletea kibuyu kila maziwa yalipokwisha, na kila mara vumbi langu liko tayari.

Lakini presha haikushuka. Kila tulipokwenda kliniki nesi alifunga mkono wa baba kwa kile kitambaa cha mashine, akasoma, akakunja uso. Daktari akaongeza dawa. Akaniuliza kama mgonjwa anazimeza kweli, swali lililoniudhi sana, maana nilikuwa nampa kwa mkono wangu na kusimama hapo mpaka ameze. Baba akazidi kukonda. Alikuwa akikaa uani kutwa nzima, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa uzio, midomo inacheza. Mimi nilidhani anasali, ingawa baba si mtu wa kanisani.

Na mimi nikaanza kuumwa. Kwanza vipele shingoni, vinawasha kama upupu. Kisha kiungulia, kisha kichwa upande mmoja, kisha siku zangu zikavurugika. Kila simu ikilia tumbo lilikuwa linakatika kabla hata sijaona ni nani. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Sindano ya cherehani ikaingia kidoleni mwangu, jambo ambalo halijanipata tangu nikiwa najifunza. Nikapima malaria, hamna. Nikanunua dawa za vidonda vya tumbo, hazikusaidia. Jirani mwenye ng'ombe akaninong'oneza kwamba huenda mafundi wenzangu wamenichezea. Sikuamini, lakini sikulikataa moja kwa moja, maana kwa jinsi ninavyoshona, kuonewa wivu ni jambo la kutegemewa.

Hata siku moja sikuwaza kwamba ni ule uongo. Nilidhani uongo unakaa mdomoni.

Aliyetufumbua macho ni nesi wa kliniki, mama mtu mzima mwenye ulimi mkali. Siku hiyo alikuwa anampima baba, mimi nimesimama pembeni najikuna shingo, mama amekaa anahesabu rozari ndani ya mkoba. Nesi akasoma mashine, akatikisa kichwa. Kisha akanitazama mimi.

"Na wewe, hebu kaa hapa."

Nikakaa. Akanifunga mkono, akasoma, akanitazama tena. "Mama, na wewe njoo." Mama naye akapimwa. Nesi akaweka mashine mezani taratibu, akatuangalia sote watatu.

"Mzee namwelewa, ana ugonjwa wake," akasema. "Lakini sasa naona nyumba nzima ipo juu. Nyumbani kwenu kuna nini?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna kitu. Baba akaniwahi.

"Wananificha ng'ombe," akasema.

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Mama akaanza kulia hapohapo. Nesi akatuuliza kulikoni, na mama, ambaye nadhani alikuwa akisubiri kuungama kwa muda mrefu, akasema yote: jike jeusi, na waliofuata, na kibuyu, na hata vumbi. Nesi alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari alisema asipate mawazo," akaniambia. "Hakusema asipate habari."

Akatutoa nje kwenye benchi la kibarazani, akasema tukae mpaka tutulie ndipo atupime upya. Mimi nilikuwa sina uso wa kumtazamia baba. Nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye kandambili zake, alijua lini.

"Kibuyu cha kwanza," akasema. "Maziwa yale ni ya ng'ombe anayekula mashudu, analala kivulini. Wangu mwaka huu wanakula majani makavu na magome. Kama kuna jike lililobaki na maziwa, yangekuwa mepesi kama maji, na machungu kidogo. Wewe ukaniletea mazito, matamu. Nikajua hakuna anayekamuliwa kwangu."

"Sasa mbona ulikunywa, baba? Mbona ulinishukuru?"

"Si uliyaleta wewe?"

Yeye akaendelea, polepole, kwa sababu ya mdomo.

"Mlinificha waliokufa, lakini hamkuniambia waliobaki. Kwa hiyo mimi nikawa nawaua wote. Nakaa pale uani, namuua mwekundu. Namuua yule mwenye madoa, na ndama wake. Nawachuna, nawamaliza. Kesho yake nawaua tena. Nimechoka, mayu."

Kumbe ndicho midomo yake ilichokuwa ikifanya. Nimesikia hotuba nyingi kuhusu presha tangu siku ile, redioni na kliniki, na zote ni za kweli, lakini hakuna iliyonieleza vizuri kuliko hayo aliyoyasema baba kwenye benchi. Kuna watu wanaozika ng'ombe mara moja, na kuna baba yangu, ambaye sisi wenye kumpenda tulimfanya awazike kila siku, na mwili wake ulikuwa ukihudhuria mazishi yote hayo. Nililia. Na katikati ya kilio, niseme ukweli, nilijivuna: mtu huyu alikuwa amekunywa uongo wangu kibuyu baada ya kibuyu ili mimi nisiaibike.

Tuliporudi nyumbani akataka simu. Nikampigia mdogo wangu, nikaiweka sauti ya wazi, nikampa baba. Mdogo wangu alipojua baba anajua, alianza kusema kama mtu aliyetua gunia. Alitaja kila aliyekufa kwa rangi yake na pembe zake. Kwa kila mmoja baba aliuliza alipoangukia, na kama alichunwa ama aliachwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Mwanamume wa Kisukuma, mzee, analia mbele ya mkewe na binti yake mchana kweupe, na sauti yake haikuyumba hata alipokuwa akiuliza. Wapo watakaosema huo ni udhaifu. Waje wauseme mbele yangu.

Ilipofika zamu ya walio hai, wa kwanza ambaye baba alimuulizia alikuwa mwekundu mwenye paji jeupe. Nilijua kwa nini. Jike hilo ni kitukuu cha ng'ombe waliotolewa mahari yangu, na ndilo pekee lililobaki katika ukoo huo. Mdogo wangu akasema limekonda lakini linasimama. Baba akafumba macho, akapumua. Na wengine? Wapo, wachache, wanasimama.

Hapo ndipo nilipoona tulichokuwa tumekifungia uani. Baba akamwambia mdogo wangu amtafutie namba ya mtu fulani wa Ushirombo, mkulima ambaye mimi hata sikujua kama yupo. Kumbe miaka ya nyuma baba alimwekesha mitamba, kama wafugaji wa kwetu wanavyofanya: unampa rafiki wa mbali ng'ombe awatunze, anywe maziwa, apate mbolea, na siku ya shida mifugo yako haiwi imekaa mahali pamoja. Mitamba ile ilikwisha kurudishwa, urafiki ukabaki. Huko magharibi mvua haikuwa mbaya kama kwetu. Walizungumza kidogo tu, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, na mwenzake alisema neno moja la kueleweka: "Walete."

Basi mgonjwa wetu akawa kamanda. Akiwa kwenye kochi langu, mkono mmoja umelala mapajani, alitoa amri: wauzwe wawili walio na nguvu ili likodiwe lori, dhaifu waingie kwanza mbele, njia iwe ya kupitia Segese ambako mdogo wangu ana wenzake wa kumsaidia kunywesha. Kibali cha kusafirisha mifugo kilichelewa, naye akawa anampigia mdogo wangu kila asubuhi kumsukuma. Kabla hakijapatikana tukarudi kliniki. Presha ya baba ilikuwa imeshuka. Ya mama pia. Yangu nesi aliisoma mara mbili, akacheka. Sisemi kwamba dawa hazikufanya kazi. Zilifanya, na baba anazimeza mpaka leo, na mkono wa kushoto haujarudi kama zamani. Nasema tu kwamba vipele vyangu vilikauka bila kupakwa kitu, na baba alianza kulala.

Siku ya safari nilikuwa barazani nashona sare za shule. Simu ikalia, nikaona ni mdogo wangu. Saa ile walitakiwa wawe Segese. Nikajua kabla sijaambiwa. Kidole kilikuwa tayari kwenye kitufe. Ningeweza kupokea, kusikia kwanza, kupima maneno. Niliinuka nikaingia nayo ndani ikiwa bado inalia, nikampa baba.

Hakuiweka sauti ya wazi. Alisikiliza, sikio limebanwa kwenye simu, akauliza swali moja ambalo sikulisikia vizuri, akasema, "Haya. Wanyweshe hao wengine, muondoke." Akaishusha. Nilimwona akiutazama uso wangu, na niliona kwamba na yeye angeweza kunificha kama angetaka. Ningekubali. Ningeendelea kushona.

"Mwekundu hayupo," akasema. "Yule wa mahari yako. Alilala chini ndani ya lori, wenzake wakamkanyaga. Wengine wazima, wanaendelea na safari." Akanisogezea nafasi karibu naye. "Lia kwanza, mayu. Halafu tutaongea."

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye miguu yake, nikalia, na sijawahi kujivunia kuwa mtoto wa mtu yule kama saa ile.